Usiku wa Saa 12

Bangi ni mmea wa usiku. Sisemi hivyo kwa sababu ya vijana wanaoivuta vichochoroni taa zikishazimwa. Nasema kwa jinsi mmea wenyewe unavyoishi. Upe maji, upe mbolea, upe jua la kutwa, utarefuka mpaka uguse dari na usitoe ua hata moja, madhali usiku wake ni mfupi. Majani yake hupima giza. Giza likifikia urefu fulani bila kukatizwa, tena usiku baada ya usiku, mmea huacha kukimbilia juu na kugeukia uzazi. Ndiyo maana mtu anayeotesha bangi ndani ya nyumba, kuanzia mbegu hadi mavuno, hugundua mapema kwamba mwanga unanunuliwa dukani, lakini giza halina duka. Giza ni la kulinda mwenyewe.

Elimu hii ilianzia kwenye mmea huuhuu. Mwaka 1912 Mfaransa Julien Tournois alikuwa akichunguza hopsi pamoja na bangi ya nyuzi, ile iliyolimwa Ulaya kwa karne nyingi kwa ajili ya kamba na matanga ya merikebu. Aliona miche iliyooteshwa majira ya baridi ndani ya kibanda cha vioo ikichanua ingali midogo kabisa. Kufikia mwaka 1914 alikuwa ameandika kwamba kinachoihimiza ni kurefuka kwa usiku kuliko kufupika kwa mchana. Wamarekani Wightman Garner na Harry Allard wakaja mwaka 1920 na utafiti wao wa tumbaku ya Maryland Mammoth, wakaonyesha kwamba mimea mingi huishi kwa hesabu ya namna hiyo. Kisha mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walichukua gugu moja la mbegu za miiba zinazong'ang'ania nguo, wakalimulika kwa muda mfupi katikati ya usiku wake, nalo likakataa kuchanua. Walipoukatiza mchana kwa giza, halikujali.

Napenda kufikiri juu ya jambo hilo. Tumezoea kusema kwamba mmea hula mwanga, na ni kweli. Lakini kalenda yake mmea huu umeikabidhi kwa giza. Jua huweza kufichwa na wingu, au na kivuli cha mti mkubwa. Urefu wa usiku haudanganyi.

Kwa msomaji wa Kiswahili hesabu hii ni ya nyumbani. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, tukaanza upya linapozama, kwa kuwa huku kwetu usiku na mchana hugawana sawa. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Nairobi ni dakika chache tu. Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, jua la Juni hukaa juu kwa zaidi ya saa 16, na la Desemba kwa saa 8 hivi. Bangi iliyopandwa bustanini huko hujaza majani kiangazi chote, huanza kuchanua Agosti usiku unaporefuka, na maua yanapokaribia kukomaa Oktoba huja mvua ya baridi na ukungu wa kijivu unaoyaozesha kutoka ndani. Kwa hiyo wengi huifungia nyumbani, wakaitengenezea mwaka wao wenyewe: kwanza kiangazi cha saa 18 za mwanga kwa siku, kisha saa 12 kwa 12. Hiyo 12 kwa 12 ndiyo siku ya Tanga, ya Mombasa, ya Kisangani. Watu wa kaskazini wanalipia umeme ili pembe moja ya nyumba ipate majira tunayoyapata sisi bure.

Jamaa yangu mmoja, mtu wa Tanga aliyehamia Leipzig siku nyingi, ana hema la kazi hiyo pembeni ya kitanda chake: kitambaa cheusi nje, ndani cha kung'aa, kimo chake kimezidi kidogo kimo cha mtu. Ndani mna taa ya LED, feni ndogo, bomba la kutolea hewa lenye kichujio cha mkaa ili harufu isiwafikie majirani, na ndoo za udongo. Anafanya hivyo chini ya sheria. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima nchini Ujerumani anaruhusiwa kukuza miche 3 nyumbani kwake na kuweka gramu 50 zilizokauka, mradi watoto wasiweze kuifikia. Kuiuza ni kosa, na hata kumgawia rafiki mavuno ya nyumbani ni kosa.

Yeye hufanya kazi ya usiku ghalani. Taa ya hema huwaka saa 12 jioni anapotoka, huzimika saa 12 asubuhi anaporudi. "Mimi na hii mimea tunalala wakati mmoja, mdogo wangu," aliniambia. "Usiku huku ni baridi na taa inatoa joto. Nikiiwasha mchana, chumba kinachemka."

Mbegu nilizoziona kwake hazikuzidi milimita 5. Ganda lake ni la kijivu lenye michirizi ya kahawia, na hakuna mbegu mbili zenye michirizi iliyolingana. Alizilaza katikati ya karatasi za shashi zilizoloa, akazifunika kwa sahani, akaziweka mahali penye joto la nyuzi ishirini na kitu. Baada ya siku moja au mbili ganda hupasuka kwenye mshono wake, ukachomoza mzizi mweupe usiozidi unene wa uzi. Mzizi huo, hata ukiulaza ubavu, hujipinda kuelekea chini. Udongoni hutangulia majani mawili laini yasiyo na meno, yaliyokuwa yamejikunja ndani ya mbegu tangu mwanzo. Kisha huja jani la kwanza la kweli, lenye kidole kimoja chenye meno pembeni. Jozi inayofuata ina vidole vitatu, halafu vitano, halafu saba. Lile jani la vidole saba linalochorwa kwenye fulana duniani kote ni jani la mmea uliofika ujana. Na hapa pana jambo ambalo wachoraji wa fulana hawajaliangalia: maua yakianza, mmea hurudi nyuma kwa mpangilio uleule, vitano, vitatu, mpaka karibu na ua jani linakuwa na kidole kimoja tena.

Miezi ya majani haina mengi ya kusimulia. Ni kumwagilia udongo unapokauka, kukata ncha ili mche upanuke, kuchungulia chini ya majani kutafuta utitiri mwekundu. Mambo huja pale unapotakiwa kujua mche upi ni dume na upi ni jike, kwani bangi, kama mpapai, hutenganisha jinsia kwa miche. Hujui mpaka ufike kwenye pingili, pale kikonyo cha jani kinapokutana na shina, uangalie kwa lenzi. Dume hutoa kifuko kidogo cha mviringo kinachoning'inia. Jike hutoa kikombe cha kijani kisichozidi punje ya mchele, na juu yake vinywele viwili vyeupe vilivyoachana, vikisubiri chavua. Kwa anayetaka maua, dume hutolewa chumbani siku hiyohiyo, kwa sababu jike likishapata chavua nguvu zake zote huenda kwenye mbegu. Likinyimwa, huongeza maua juu ya maua na utomvu juu ya utomvu, likiendelea kumsubiri asiyekuja. Karibu bangi yote kali inayouzwa kwa leseni Marekani na Kanada ni ya majike yaliyonyimwa uzazi. Sijui kulitamka hilo bila kusita kidogo, ingawa najua mmea hauna huzuni.

Ukifika wakati, mkulima hugeuza swichi ya saa, saa 18 zikawa 12. Kuanzia hapo kazi yake kubwa ni kulinda giza. Jamaa yangu alinionyesha jinsi anavyokagua: huingia hemani mchana, taa ikiwa imezimwa, akavuta zipu nyuma yake, akasimama mpaka macho yazoee, akitafuta nuru. Kwenye kona ya zipu alipata mstari mwembamba, akauziba kwa gundi ya utepe. Kataa kekundu kwenye soketi ya umeme nako kamefunikwa kwa utepe mweusi. Nilidhani anazidisha, lakini kitaalamu ana haki. Ndani ya majani mna rangi iitwayo fitokromu, ambayo mwanga mwekundu huigeuza hali na giza huirudisha taratibu. Mmea uliomulikwa usiku wake ni kama mtu aliyeshtuliwa usingizini asijue amelala saa ngapi. Huweza kuchelewa kuchanua, au kurudia majani, au ukafanya jambo la kukata tamaa: jike likatoa vifuko vya kiume na kujizalisha lenyewe.

Bangi ya kukuzwa chumbani ni mtoto wa hofu. Jimboni California, kuanzia mwaka 1983, serikali ilianza kutuma helikopta kila msimu kusaka mashamba milimani, na wakulima wakaanza kuingia ndani: gereji za magari, vyumba vya chini ya ardhi, kabati za nguo. Mwaka 1989 idara ya shirikisho ya kupambana na dawa za kulevya ikayageukia maduka ya taa na vifaa vya kukuzia. Kufikia hapo ufundi ulikuwa umeshaenea, na Uholanzi mbegu zilikuwa zikiuzwa kwa katalogi. Leo sheria imelegea Uruguay tangu mwaka 2013, Kanada tangu 2018, Malta tangu 2021, lakini mmea haujatoka nje. Umezoeshwa chumba, na soko limezoea maua ya chumbani, mazuri kwa macho na yasiyo na vumbi.

Gharama yake ni kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado State walichapisha hesabu mwaka 2021: kilo moja ya maua makavu yaliyokuzwa katika maghala ya ndani nchini Marekani huzalisha gesi joto sawa na kilo 2,283 hadi 5,184 za kaboni dioksidi, kutegemea mahali. Sehemu kubwa hutokana na umeme wa taa na mitambo ya kupoza, kupasha joto na kukausha hewa. Miche mitatu ya mtu wa Tanga haifanani na ghala, na siwezi kumhukumu kwa hilo. Lakini mmea uliokua maelfu ya miaka kwenye mabonde ya Asia chini ya jua la Mungu, kupandwa ndani ya jengo lisilo na dirisha kwa umeme wa makaa ya mawe na gesi, ni upotevu, hata kama mhasibu anaona faida.

Kuna upotevu mwingine usioonekana kwenye bili ya umeme. Chumba kimeubadilisha mmea. Aina za ikweta, zilizozaliwa mahali ambapo usiku haubadiliki, hazina haraka: huchanua polepole kwa miezi mitatu au zaidi, na huwa ndefu. Hema halina nafasi ya urefu huo, na anayelipia taa hawezi kungoja. Kwa hiyo tangu miaka ya 1970 wazalishaji wa mbegu wamekuwa wakizichanganya na aina fupi za milima ya Afghanistan, zinazokomaa kwa wiki 8 au 9 kabla theluji haijafika. Baadaye wakaingiza damu ya bangi-mwitu ya Urusi na Asia ya Kati, iliyoelezwa na mtaalamu wa mimea Janischewsky mwaka 1924. Hiyo haihesabu usiku kabisa. Huchanua kwa umri, kwa sababu kiangazi cha kwao ni kifupi mno na anayengoja giza hufa kwa baridi. Mbegu za uzao huo zinapendwa na wanaoanza, kwani hazihitaji kulindiwa giza. Jamaa yangu hazitaki. "Hiyo haikusikilizi," alisema. Nilimwelewa.

Nguvu nayo imepanda. Kemikali kuu inayolevya, THC, ilitambuliwa kikamilifu mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni nchini Israeli. Katika bangi iliyokamatwa Marekani kiwango chake cha wastani kilikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995, kikafika kama 12 mwaka 2014. Anayedhani anavuta kile alichovuta babu yake anajidanganya. Kijana ambaye ubongo wake bado unakua anadhurika zaidi kuliko mtu mzima, na wapo ambao bangi kali imewafungulia mlango wa ugonjwa wa akili ambao haukufungika tena. Natamka haya waziwazi kwa sababu nimekaa na familia zilizofikwa na hayo, na kuupenda mmea kama mmea hakunipi ruhusa ya kuyanyamazia.

Mavuno huamuliwa kwa lenzi. Juu ya ua na majani madogo yanayolizunguka pamejaa vinyweleo vya utomvu, kila kimoja kina shina jembamba na kichwa cha mviringo, na ukivitazama kwa ukuzaji wa mara 60 unaviona vimesimama kwa mamia mahali pasipozidi ukucha. Mwanzoni vichwa hivyo ni vyeupe vya kupenya mwanga. Siku zinavyokwenda huwa vya maziwa, kisha kimoja kimoja hugeuka rangi ya asali. Vile vinywele vyeupe vya jike navyo hunywea na kuwa vya kahawia. Mkulima huchagua siku yake kati ya maziwa na asali, akakata, akayaning'iniza matawi kichwa chini katika giza na hewa inayopita polepole, wiki moja hadi mbili, mpaka kitawi kikikunjwa kivunjike kwa mlio. Kisha maua huingia kwenye chupa za kioo na kufunguliwa kila siku ili yapumue. Harufu ya majani mabichi hupotea, hubaki ile ya ndimu, udongo na utomvu wa msonobari.

Mama yake jamaa yangu yuko hai, Tanga, na humpigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Anajua mwanawe ana bustani ndani ya nyumba. Hajaambiwa ya nini. Sikumshauri lolote. Jambo ambalo Leipzig ni haki ya mtu mzima, Tanga ni jela, na mama ana haki ya kuogopa.

Na jela hiyo si ya mchezo. Tanzania sheria ya mwaka 2015 humfunga mkulima wa bangi miaka mingi. Kenya sheria ya mwaka 1994 huweza kumfunga hadi miaka 20. Maofisa hupanda miteremko ya Mlima Meru, kule Arumeru, na mashamba ya Morogoro, wakafyeka na kuchoma hekari kwa hekari. Wakati huohuo Uganda imeruhusu kampuni kukuza bangi ya dawa kule Kasese kwa ajili ya kuuza nje, na Rwanda ikaweka kanuni zake za kilimo hicho mwaka 2021. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuikuza na kuitumia faraghani. Siombi hapa sheria zetu zifanane na za Ujerumani. Huo ni mjadala wa wabunge, madaktari na wazazi, na una watu wengi wenye hoja kuliko mimi.

Ninaloomba ni dogo na linawezekana kesho. Bangi ilifika pwani yetu kwa njia ya bahari zamani mno, na katika pango la Lalibela, karibu na Ziwa Tana, Ethiopia, wachimbaji walikuta vichwa vya kiko vya karne ya 14 vyenye masalia yake. Kwa karne zote hizo imekuwa ikizaliana kwenye vilima vyetu, chini ya usiku wa saa 12, ikijifunza magonjwa yetu, mvua zetu na udongo wetu. Ni aina za ikweta halisi, zile ambazo mahema ya kaskazini hayana nafasi nazo na ambazo duniani zinazidi kuwa adimu. Tunazichoma pamoja na mbegu zake. Mtafiti wa dawa wa Muhimbili au Makerere atakayezihitaji miaka 30 ijayo atakuta majivu.

Maofisa mnaofyeka, mna hifadhi ya mbegu za mimea Arusha, na Kenya wanayo ya kwao Muguga. Basi kabla ya kuwasha moto, kateni matawi machache yenye mbegu. Yakausheni, andikeni yametoka kilima gani na mwezi gani, yawekeni kwenye baridi kali chini ya kufuli la serikali. Sheria haitapungukiwa na kitu kwa hilo, na wajukuu wetu hawatalazimika kwenda Ulaya kununua mbegu za Mlima Meru.